Wapiga Makofi wa Dirishani

Ukitaka kusikia maneno ambayo watu huyasema mbele ya ukuta, piga magoti uwatengenezee sakafu. Mtu aliyepiga magoti haonekani. Watamruka kama wanavyoruka ndoo, watasengenyana juu ya kichwa chake, watamwaga hata siri za ndoa zao, na yeye yuko pale pale na mwiko wake, anapaka gundi.

Jambo hili alilijua vizuri fundi mmoja wa vigae, mwanamume mrefu wa miaka arobaini na kitu, ambaye mtaa mzima ulimwita Milimita. Jina hilo alilipata kwa ubishi. Aliwahi kubandua ukuta mzima wa duka la dawa, kazi ya siku moja na nusu, kwa sababu mstari mmoja ulikuwa umepinda milimita mbili. Mwenye duka alimwambia, "Fundi, nani ataziona milimita mbili?" Akajibu, "Mimi." Basi, jina likamganda. Hata watoto wakimwona anapita na ndoo yake humwamkia, "Shikamoo, Mzee Milimita!" Naye huitikia marahaba bila kununa, maana ni jina zuri kuliko lile alilopewa shuleni. Hilo la shuleni tutalifikia.

Wiki hiyo alikuwa amepata kazi ya kutandika vigae katika ofisi ya walimu, kwenye shule ile ile anayosoma binti yake, kitinda mimba, aliyekuwa darasa la mwisho. Walimu hawakutaka kungoja likizo. Meza zote zilisukumwa nusu moja ya chumba, zikabanana kama watu waliokimbilia kibarazani mvua ilipoanza, na Milimita akaachiwa nusu nyingine. Akajifunga vipande vya godoro magotini, akaanza kazi upande wa mbali.

Hakuna mwalimu aliyejua kuwa ni mzazi. Mikutano ya wazazi alikuwa akienda mkewe. Na binti mwenyewe ndiye aliyemsihi tangu Jumapili:

"Baba, usiwaambie kama wewe ni baba yangu."

"Unanionea haya?"

"Sikuonei haya. Wakijua, watanitoa darasani nikubebee vigae."

Baba mwingine angecheka. Milimita hakucheka. Alimtazama tu, akasema, "Haya, mama. Sisemi."

Jumanne, saa nne asubuhi, walimu wawili walikuwa wamekaa karibu naye kabisa. Mmoja ni mwalimu wa hesabu, kijana mcheshi, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo ya mikono ingeweza kukata mkate. Mwingine ni mwalimu wa jiografia, mama mmoja aliyekuwa akichonga penseli na kukusanya maganda kwenye kiganja.

"Leo umewafundisha nini darasa la mwisho?" mama akauliza.

"Sehemu. Kujumlisha sehemu."

"Wameelewa?"

"Wanaoelewa wameelewa."

"Na wa dirishani?"

"Nani, wapiga makofi?" Mwalimu wa hesabu akajiegemeza kwenye kiti. "Wamepiga makofi! Tena leo wamepiga kwa bidii. Siku makofi yakiingizwa kwenye mtihani, shule yetu itaongoza."

Mama wa jiografia alicheka mpaka maganda ya penseli yakamwagika juu ya kigae kipya.

Maana yake ni hii. Katika darasa lile, mwalimu akiuliza swali, huwauliza wa safu za mbele. Mtoto akijibu, mwalimu husema, "Mpigieni makofi." Safu ya dirishani haiulizwi kitu. Kazi yake ni hiyo tu: pa-pa-pa. Asubuhi mpaka mchana, wanawapigia makofi wenzao.

"Halafu juzi," mwalimu akaendelea, "mmoja wao akanyoosha mkono. Kasichana fulani. Nikasema, mpigieni makofi, leo dirisha limefunguka!"

Wakacheka tena. Na kwa kuwa utani ulikuwa na chumvi yake, hata Milimita, aliyekuwa ameinama na kipande cha kigae mkononi, alitabasamu.

Tabasamu hilo alikuja kulichukia kuliko kitu chochote alichowahi kukifanya kwa uso wake. Kwa sababu sekunde chache baadaye alimkumbuka binti yake, mwanzo wa mwaka, akiingia nyumbani na mkoba mgongoni: "Baba, nimepata bahati! Nimekaa dirishani, napata upepo!"

Kigae kilimponyoka. Hakikuvunjika. Mwalimu wa hesabu akasema, "Pole, fundi," bila kugeuka.

*

Jioni ile ile, kabla hata hajanawa miguu, binti akamletea karatasi na kalamu.

"Baba, weka saini hapa."

"Nini hii?"

"Barua ya shule. Wamesema irudi kabla ya Ijumaa."

Milimita husoma kwa kidole. Neno moja, kidole kinasogea, neno la pili. Si kwamba hajui kusoma, ila maneno humjia kama watu wanaopita mlango mwembamba, mmoja mmoja. Akasoma: *Mimi mzazi wa*, hapo kuna nafasi, *naomba kwa hiari yangu mwenyewe mtoto wangu arudie darasa, kwa kuwa hajawa tayari kwa mtihani wa mwisho.*

Kidole kikarudi nyuma. *Naomba.*

"Mimi nimeomba lini?"

Mkewe, aliyekuwa akikunja vitambaa alivyorudi navyo kutoka sokoni, akasema bila kuinua kichwa, "Baba mtoto, ndivyo barua zinavyoandikwa."

"Nauliza, nimeomba lini? Nimekwenda shule gani, nikapiga hodi mlango gani, nikasema jamani naomba mwanangu arudi nyuma?"

"Walimu wamesoma. Wakisema hajawa tayari, hajawa tayari. Wewe utawafundisha kazi yao? Wanataka wastani wa shule usishuke. Mtoto akirudia mwaka atapungukiwa nini?"

Binti alikuwa amesimama mlangoni, anakuna ukuta kwa ukucha. "Baba, weka tu. Wa dirishani wote tumepewa. Ishirini na wawili."

"Wewe mwenyewe unataka kurudia?"

Akapandisha mabega, akayashusha. "Mwalimu anasema wengine tumeumbiwa mikono."

Milimita akaikunja barua ile mara nne, akaitia mfuko wa shati, akatoka nje kunawa miguu. Alinawa muda mrefu sana kwa mtu mwenye miguu miwili tu.

*Wengine tumeumbiwa mikono.* Maneno hayo aliyajua. Aliambiwa yeye, akiwa na miaka kumi na mitatu, na mwalimu mwingine kabisa, katika shule nyingine kabisa. Utadhani walimu hurithishana kauli kama funguo za kabati!

Wakati huo aliitwa Gogo. Alikuwa mzito wa kusoma, kweli, hakuna wa kubisha. Mwaka ule shule yao ilikuwa inajenga vyoo. Siku moja mwalimu akasema, "Gogo, wewe na wenzako wa nyuma, nendeni mkawasaidie mafundi. Wengine mmeumbiwa mikono." Walifurahi! Nani hapendi kutoka darasani? Wakachanganya zege, wakacheka, wakarushiana mchanga. Siku moja ikawa tatu. Tatu zikawa wiki, wiki zikawa muhula. Wa mbele wakifanya majaribio ya hesabu, wa nyuma wanapitisha ndoo. Halafu ikafika asubuhi moja, Gogo kasimama na koleo lake, akaona wenzake wanaingia getini na penseli mpya, zimechongwa pande zote mbili, wamevaa soksi. Akauliza, "Leo kuna nini?" Mmoja akamwambia, "Mtihani, bwana. Kwani wewe jina lako halipo?"

Halikuwepo. Hakuna aliyemfukuza na hakuna aliyemkataza. Walimsahau tu, kwa upole.

Ufundi alikuja kujifunza baadaye, kwa mzee mmoja ambaye vijana wote walimwita Ng'oa, kwa kuwa ndilo neno lililomtoka mdomoni kutwa nzima. Ukuta wa kwanza wa Milimita, ukuta wa bafu, Mzee Ng'oa aliutazama akasema, "Ng'oa. Umeanzia kwenye kona, na kona yenyewe imepinda. Anzia katikati." Akang'oa. Akatandika tena. "Ng'oa. Gundi umeiweka nene huku, nyembamba kule." Mara kumi na moja! Mara ya kumi kijana alilia, akasema, "Mzee, unanichukia." Yule mzee akashangaa kikwelikweli. "Nikuchukie halafu nikukagulie kazi mara kumi? Ningekuwa na nafasi hiyo, mwanangu, ningemchukia mtu mwenye maana." Wakacheka wote wawili, kisha kijana akang'oa.

*

Jumatano Milimita alifika mapema. Usingizi alikuwa amepata kidogo, na kichwa kilikuwa kinamgonga. Vigae vya siku hiyo vilimpeleka hadi pembeni mwa meza ya mwalimu wa hesabu, usawa wa viatu vyake.

Juu ya meza kulikuwa na marundo mawili ya madaftari. Lile la kushoto mwalimu alilisahihisha ameinamisha kichwa. Alisoma hatua moja moja, akapiga mstari chini ya kosa, akaandika maneno pembeni. Alikuwa mwalimu hodari, jamani, na hilo ndilo linaloudhi zaidi. Daftari moja lilimchukua muda wa kunywa nusu kikombe cha chai.

Alipofika kwenye rundo la kulia, akainua kichwa. Akaanza kumsimulia mama wa jiografia mechi ya jana, jinsi kipa alivyotoka golini kama mwizi. Mkono ukawa unafanya kazi peke yake: fungua, tiki, tiki, tiki, *Vizuri*, funga. Fungua, tiki, tiki, *Vizuri*, funga. Karani wa posta akipiga mihuri angalau huangalia bahasha imekaa upande gani.

Milimita akiwa chini pale, aliliona likishushwa kutoka rundoni daftari lenye jalada la karatasi nene ya kahawia. Alilijua. Mfuko wa gundi ya vigae una tabaka tatu, na lile la katikati ni safi na gumu. Yeye mwenyewe alilikata, akalikunja pembe kwa rula, akamfunika mwanawe madaftari yote mwezi wa kwanza. Shule nzima hakuna jalada kama lile.

Fungua. Tiki, tiki, tiki, tiki. *Vizuri.* Funga. "...halafu refa naye, kipofu yule!"

Muda wa kupiga chafya mbili.

Kengele ya mapumziko ikalia, walimu wakatoka kwenda kunywa chai. Chumba kikabaki na Milimita na vigae vyake. Akanawa mikono kwenye ndoo. Akainawa tena. Akaifuta kwenye upande safi wa shati. Ndipo akalichukua lile daftari.

Swali la kwanza: nusu kujumlisha theluthi. Jibu la binti: mbili juu ya tano. Tiki.

Milimita hakufundishwa hesabu za sehemu, alikuwa kwenye zege. Lakini kigae alichokuwa anakitandika kilikuwa cha sentimita sitini, na vigae vya sitini amevikata tangu ujana. Nusu yake ni thelathini. Theluthi yake ni ishirini. Ukiviweka pamoja unapata hamsini. Sasa hiyo mbili juu ya tano, ukigawa sitini mara tano ukachukua mbili, ni ishirini na nne. Yaani umechukua nusu kigae, ukakiongezea kipande, kikapungua!

Swali la pili: robo kujumlisha nusu. Jibu: mbili juu ya sita. Robo na nusu, ambayo kila mtu aliyewahi kununua mafuta dukani anajua ni robo tatu, hapa imekuwa theluthi. Tiki. La tatu hovyo. La nne hovyo. Tiki, tiki. *Vizuri.*

Chini kabisa ya ukurasa, kwa penseli, herufi ndogo kama zinaomba radhi, kulikuwa na neno moja: *Mwalimu.* Mkia wa tiki ya mwisho ulikuwa umepita juu yake.

Akafunua ukurasa wa nyuma. Chini: *Mwalimu, unasoma hapa?* Tiki. *Vizuri.* Akafunua tena. *Mwalimu, bado sielewi sehemu.* *Vizuri.* Akafunua tena. *Mwalimu, hapa sielewi, naomba unielekeze. Naogopa kuuliza kwa sauti kwa sababu ya makofi.* *Vizuri.*

Akafunua mpaka mwanzo, akahesabu: mara saba. Muhula mzima mtoto alikuwa akimwita mtu mara saba, maneno yakipungua kila mara, mpaka yakabaki moja.

Damu ilimpanda Milimita mpaka masikio yakaziba. Akatazama sakafu, siku tatu za kazi, imenyooka kama maji ya mtungi, na kitu cha kwanza alichotaka ni kuivunja yote. Akashika nyundo. Ilikuwa ile ya mpira, ya kugongea vigae taratibu. Nyundo ya mpira haivunji kitu. Akabaki amesimama nayo, hasira kubwa namna ile na chombo cha kuchezea watoto.

Walimu wakarudi wakichokonoa meno. Wakamkuta amesimama, na nadhani ndiyo mara ya kwanza walipogundua kwamba ni mrefu.

"Mwalimu," Milimita akasema, "samahani. Nina swali la hesabu."

"Uliza tu, fundi!" Mwalimu wa hesabu akavuta kiti.

"Kigae hiki ni sentimita sitini. Nusu yake?"

"Thelathini."

"Theluthi yake?"

"Ishirini."

"Nikiviunganisha?"

"Hamsini. Vipi fundi, unataka kuninyang'anya kazi?" Wenzake wakacheka.

"Sasa thelathini na ishirini zinakuwaje ishirini na nne, na wewe umeandika *Vizuri*?"

Akaliweka daftari mezani, limefunguliwa. Kicheko kikaisha kwa mafungu, mmoja mmoja. Mwalimu alitazama ukurasa, akatazama jalada.

"Hili umelitoa wapi? Wewe huruhusiwi kugusa madaftari ya wanafunzi."

"Hilo jalada nimelikunja mimi. Mwenye daftari ni mwanangu."

"Mzee..." Ghafla hakuwa fundi tena, amekuwa mzee. "Mzee, nielewe. Darasa lina watoto themanini na nne. Hawa nikiwajazia makosa watakata tamaa, wataacha shule. Nawatia moyo."

"Unamtia moyo kwa kutomsoma? Amekuita mara saba!" Sauti ya Milimita ikagonga dari. "Mara saba! Mbwa akibweka mara saba mtu anatoka nje kuangalia kuna nini!"

Mlango ukafunguliwa. Mwalimu Mkuu, mama mfupi mwenye miwani iliyoning'inia kifuani kwa mnyororo, akasimama pale kizingitini. "Kuna nini humu? Fundi, njoo tuzungumze ofisini kwangu."

"Tuzungumzie hapa hapa, Mwalimu. Hapa ndipo watu walipochekea."

Akamweleza: barua, dirisha, makofi, tiki. Akaitoa barua mfukoni, mikunjo minne. "Hii sisaini. Mimi nilifanyiwa hivi hivi. Nilipewa koleo, jina langu likasahauliwa. Kwa huyu, hapana."

Mwalimu Mkuu akashusha pumzi, akasema kwa sauti laini, ya mtu aliyezoea kutuliza wazazi: "Baba, nakusikia. Lakini si kila mtoto ni wa mtihani. Jitazame wewe. Hukufanya mtihani, na leo una kazi yako safi, unaheshimika. Kumbe si umefaidika?"

Lo! Ni afadhali angemtukana.

"Nimefaidika?" Milimita akasema, na safari hii hakupiga kelele, ndiyo maana wote walisikia. "Mwalimu Mkuu, mimi nikipewa mkataba namsubiri binti yangu arudi kutoka shule anisomee. Nimewahi kusaini karatasi kwamba nimemaliza kazi ambayo sijaianza. Nilisimama mbele ya yule bwana aliyenipa kazi, anacheka, na mimi nacheka, sijui tunacheka nini. Ndiyo faida hiyo? Huu ufundi sikuupata shuleni. Niliupata kwa mzee aliyening'olea kazi mara kumi na moja, na kila mara akanionyesha kosa liko wapi. Nyie mwanangu mmemwonyesha lipi? Lipi? Nionyesheni hata moja, niweke saini sasa hivi."

Mwalimu Mkuu akavaa miwani. Akalichukua daftari, akaanza kufunua kurudi nyuma, ukurasa baada ya ukurasa, anasoma chini. Ilimchukua muda. Mama wa jiografia alikuwa anatazama viatu vyake.

Hakuomba radhi. Watu wa vyeo vile huomba radhi kwa njia nyingine. Alimgeukia mwalimu wa hesabu, akasema, "Kaa. Lisahihishe."

"Sasa hivi?"

"Nimesema kaa."

Akakaa. Akachukua kalamu nyekundu, na safari hii akainamisha kichwa, kama alivyofanya kwa lile rundo la kushoto. Kosa. Kosa. Kosa. Kwenye swali la nne, kalamu ikasimama.

"Ah," akasema, kidogo tu.

"Ah nini?" Milimita akauliza.

"Anajumlisha namba za chini. Zile za juu anajumlisha, sawa, lakini na za chini pia anajumlisha. Zote..." Akafunua nyuma haraka. "Zote ni kosa lile lile."

"Kosa moja?"

"Moja."

"Tangu lini?"

Mwalimu akafunua mpaka ukurasa wa kwanza, akatazama tarehe, akaifunika kwa kidole gumba. "Tangu mwanzo wa muhula," akasema.

Mwalimu Mkuu akaenda ofisini kwake, akarudi na orodha ya watahiniwa, imechapwa kwa mashine. Akaliandika jina la binti chini kabisa, kwa kalamu ya wino. Milimita alisimama nyuma yake akilifuata kwa kidole hewani, herufi moja moja, mpaka likakamilika.

"Na hawa wengine?" akauliza, akionyesha rundo la kulia.

"Hao wana wazazi wao, baba." Mwalimu Mkuu akaifunga orodha. "Barua kumi na tisa zimesharudi. Wote wamesaini."

Kumi na tisa. Kengele ikalia, walimu wakabeba vitabu vyao wakatoka upesi upesi, wakikanyaga pembeni ili wasiharibu vigae vibichi. Milimita akapiga magoti. Akamaliza mistari miwili iliyobaki, imenyooka, maana hasira yake haikuwa na ugomvi na sakafu.

*

Jioni binti aliingia nyumbani mbio, mkoba unamruka mgongoni.

"Baba! Baba, nimekosa zote!"

Mama yake akatoka jikoni na mwiko mkononi. "Umekosa zote ndiyo unashangilia?"

"Zote, mama! Tazama!" Akalifungua daftari mezani. Ukurasa wote mwekundu. Pembeni mwalimu alikuwa ameandika maelezo, mistari minne: namba za chini hazijumlishwi, kwanza zifanye ziwe sawa, halafu jumlisha za juu peke yake, na mfano mmoja. "Ameniita baada ya vipindi. Amenieleza. Baba, nipe swali. Nipe lolote!"

"Nusu na theluthi," Milimita akasema.

Binti akaandika, ulimi umetoka pembeni ya mdomo. "Tano juu ya sita!"

Ya sitini, hiyo ni hamsini. Milimita alijua kabla kalamu haijainuka. Akaisoma tena ile mistari minne, kidole kinasogea.

"Alikueleza muda gani?"

"Kidogo tu. Dakika tano hivi. Ni rahisi sana, baba!"

Mkewe akacheka, akampiga mtoto kofi la mgongoni la furaha. Milimita hakucheka. Alisimama, akatembea mpaka mlangoni, akarudi, akatembea tena, mtu mzima anazunguka chumba kama kuku aliyefungwa mguu. Dakika tano! Angekuwa amefichwa kitu kigumu, kitu cha vitabu vinene, angeelewa. Lakini mistari minne!

"Yule unayekaa naye benchi moja," akasema, "naye anajumlisha za chini?"

"Sisi wote dirishani tunajumlisha za chini. Tulikuwa tunanakiliana, si tulikuwa tunapata tiki." Furaha ikampungua. "Lakini mama yake ameshasaini."

"Orodha inaondoka lini?"

"Keshokutwa."

Milimita akavaa viatu. Akalichukua daftari, akalibana kwapani.

"Baba mtoto, unakwenda wapi? Chakula kiko tayari," mkewe akasema.

"Kitapoa. Wanakaa wapi hao?"

"Nyuma ya mashine ya kusaga," binti akasema. "Baba, nije?"

"Njoo. Na kalamu ubebe."

Mkewe alimtazama, akamtazama na mtoto, akautua mwiko juu ya sufuria. "Ngojeni nichukue kanga yangu," akasema. "Yule mama namjua mimi. Wewe na hasira zako utamfokea, atafunga mlango. Na kwanza nawa uso, unanuka gundi."